Mama Yuko Kwenye Sukari

Nyumbani kwetu Mwabungo palikuwa na sheria moja iliyoheshimiwa na wote, hata na paka: mama akiwa kwenye sukari, hasemeshwi. Na ukimsemesha, hakujibu. Uje unalia, uje unacheka, uje na habari kwamba nyumba ya jirani inaungua, yeye atakuinulia mkono wa kushoto, maana yake ngoja, na wa kulia utaendelea na mwiko.

Ilikuwa sukari ya korosho. Mikorosho tunayo nyuma ya nyumba, mikongwe, imelala lala kila upande, na msimu ukifika watoto wa mtaa wanakula yale mabibo mekundu na sisi tunaokota korosho zake. Mama alizichoma mwenyewe kwenye debe lililotobolewa matundu, nje kabisa, kwa sababu ganda la korosho lina mafuta yanayowaka kama petroli na moshi wake hauna adabu. Zikishashika moto anazimwaga mchangani, anazifukia, anangoja zipoe. Ndipo tunakaa na vipande vya gogo kupasua, mikono imepakwa jivu. Hata ukijipaka jivu namna gani, yale mafuta yatakuchoma tu. Vidole vya mama vilikuwa vyeusi kwenye ncha msimu mzima, na alikuwa akiwaambia watu ni hina ya maskini.

Kazi yenyewe, lakini, ilikuwa sufuriani. Sukari, maji kidogo, korosho, iliki iliyopondwa, chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Inachemka, inatoa povu, inakuwa nzito, halafu ghafla inakufa. Inakauka, inageuka mchanga mweupe unaong'ang'ania korosho, na wewe usiyejua unapiga ukelele kwamba imeharibika, unaongeza maji, na hapo ndipo unapoiharibu kweli. Anayejua anapunguza makaa, anazidi kukoroga bila kupumzisha mkono, mpaka ule mchanga unaanza kuyeyuka tena na kuwa na rangi ya asali. Pale katikati, kutoka mchanga mpaka asali, ndipo palipokuwa na kimya. Bibi yangu alimfundisha mama kwamba sukari inasikia. Ukizungumza wakati inageuka, inaona haya, inarudi nyuma, na hairudi tena mbele.

Mimi siamini hayo. Lakini na mimi nilikuwa nanyamaza, ya nini kujitafutia makubwa?

Waliopata taabu ni wageni. Mtu anapiga hodi, anatoa salamu yake nzima na heshima zote, kimya. Anaongeza shikamoo, kimya. Kwetu kuiacha salamu ya mtu bila jibu ni jambo la kuitiwa wazee, kwa hiyo mimi nilikuwa natoka mbio mbio kutoka chumbani: "Waalaikum salaam, karibu, karibu, usijali, mama yuko kwenye sukari." Waliotuzoea walikuwa wakisema "Aa, haya," wakakaa barazani kungoja, na hawakungoja bure. Lakini mpangaji wetu, dada mmoja wa kutoka bara aliyekuwa akifanya usafi kwenye hoteli za Diani, wiki yake ya kwanza alinijia na uso umekunjamana. "Kwani mathe ako na noma gani na mimi? Namsalimia ananiinulia tu mkono, ni kama mimi ni matatu!" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamletea korosho kiganjani zingali na joto. Alitafuna, akasema, "Sawa. Anyamaze tu."

Aliyeigeuza sheria hiyo kuwa mchezo ni mdogo wangu wa kiume, kitindamimba wa mama. Akijua mama yuko kwenye sukari, atakuja asimame kwenye mlango wa jiko, nyuma yake, na aanze vituko. Atamwiga shangazi yetu akigombana na kuku. Atamwiga mzungu wa hotelini akiomba mto wa kulalia kwa Kiswahili cha kwenye kitabu. Mama amempa mgongo, anakoroga, na mabega yanatikisika. "Sema, mama. Sema 'toka' tu, nitatoka." Wapi! Hata siku moja hakumpata. Sukari ikishamwagwa kwenye sinia ndipo mama alipogeuka, amshike shati kwa mkono mmoja na mwiko kwa mwingine: "Mwehu wewe! Siku moja utaniunguzia sufuria!" Na korosho ya kwanza ilikuwa yake, hata kama wajukuu walikuwa wamesimama pale na mikono wazi.

Mdogo wangu huyo alikuwa akifua na kupiga pasi mashuka kwenye hoteli moja. Msimu wa wageni ukaisha, wakaambiwa waende nyumbani wangoje kuitwa. Akangoja. Alingoja mpaka kungoja kwenyewe kukawa ndiyo kazi yake, na kijana mzima akikaa barazani tangu asubuhi hata kikombe cha chai anakipokea kwa aibu. Ndipo likaja jambo la Arabuni, kazi ya ghala, kama walivyoenda wengi wa huku kwetu. Mama hakupenda. Hakusema hapendi, ila alianza kumwangalia akila.

Wiki ile ya kuondoka, wakala aliyemtafutia kazi alimwonya asiguse korosho kabisa, maana mafuta ya ganda yakimbabua vidole, mashine ya alama za vidole ya uwanja wa ndege itavikataa. Basi ikawa ni kichekesho. Sisi tunapasua, yeye anazunguka na mikono nyuma kama chifu. "Niacheni, mimi ni mtu wa vidole." Alikuwa amenunua viatu vipya vyeusi Ukunda, vya ngozi ngumu, na viatu hivyo vilikuwa vikilia kila hatua, kwi, kwi, kwi. Mama akamwambia, "Kwa viatu hivi huwezi kumwibia mtu hata embe." Akavivaa uani kutwa nzima ili vilainike, na havikulainika.

Sasa, kwetu hakuna anayesafiri bila radhi ya mama. Najua kila nyumba ya Pwani ina yake, ila yetu ilikuwa hivi: unavua viatu, unachuchumaa mbele yake, unasema, "Mama, naenda, nipe radhi." Yeye anakushika kichwa kwa mikono miwili, anakuombea, anakupuliza utosini, anasema, "Radhi, mwanangu. Nenda." Bila hilo neno la mwisho huinuki. Siku ya harusi yangu nilivua viatu vyangu vya kisigino, nikachuchumaa na gauni lote lile, na wapiga picha wakaambiwa wangoje. Huombi radhi na viatu miguuni. Na hili pia niliseme: jikoni kwetu ni sakafu ya udongo, pana vijinga vya moto na maganda ya korosho, na hakuna mtu aliyekuwa akivua viatu pale.

Gari ilikuwa ije baada ya alasiri. Mama alikuwa amejipangia kila kitu: adhuhuri apike korosho za kusafiria, azipoze, azitie kwenye kopo la maziwa ya unga lililooshwa na kuanikwa, kisha aoge, avae, akae mkekani ampe mtoto wake radhi kwa utulivu. Lakini dereva akaogopa foleni ya Feri. Akaja mapema, na ndani ana vijana wengine aliowazoa kutoka Msambweni, kila mmoja na begi lake magotini, na mkono hautoki kwenye honi.

Mimi nilikuwa nimesimama kando ya mlango wa jiko, nimeshika sinia lililopakwa mafuta, nangoja kumwagiwa. Sukari ilikuwa imekuwa mchanga wakati huo huo. Nikasikia viatu vinakuja kutoka uani, kwi, kwi, kwi. Vikafika mlangoni.

Na pale mlangoni mdogo wangu akavivua. Nilimwona. Akaviweka pembeni, kimoja juu ya kingine, akachuchumaa juu ya ule udongo na maganda, na suruali yake iliyopigwa pasi. "Mama," akasema, "naenda. Nipe radhi."

Mama hakugeuka. Aliinua mkono wa kushoto. Mabega yakamtikisika kidogo, kama siku zote.

Akakaa vile, amechuchumaa. Honi ikapigwa tena, ndefu, na dereva akaanza kumwita kwa hasira. Mdogo wangu akaniangalia mimi, akamwangalia mama mgongoni, akainuka. Akavichukua viatu mkononi, akanigusa bega, akaninong'oneza, "Dada, mwambie radhi zangu nitakuja kuzidai." Akaenda kuvivalia nje.

Mama akamaliza. Akamwaga korosho kwenye sinia langu, zinang'aa, nzuri kuliko zote alizowahi kupika, wallahi. Akageuka anacheka, jasho linamtoka. "Haya, mchokozi, njoo sasa nikupe radhi zako!" Mlango ulikuwa mtupu. Alitoka mbio bila mtandio, na mwiko mkononi, mpaka barabarani, na barabarani kulikuwa na vumbi tu. Watu wa duka wakamwangalia. Mama yangu hakuwa mtu wa kutoka kichwa wazi.

Nilimpigia simu wakiwa hawajafika Tiwi. Mama akainyakua. "Mwanangu, rudi. Mwambie huyo mtu ageuze gari." Nikasikia kicheko chake upande wa pili, na kelele za wenzake. "Mama, ndege haingoji. Usijali." "Basi nikupe hapa hapa, radhi..." "A-a! A-a, mama! Radhi za simu mimi sizitaki. Niwekee hapo, pamoja na korosho zangu."

Ikawa ndiyo desturi. Kila Ijumaa alikuwa akipiga baada ya sala, na kila Ijumaa mama alianza, "Mwanangu, radhi..." na yeye amkate, "Za simu sizitaki!" Wanacheka wote wawili. Mimi sikuwa nacheka. Siku moja nikamwambia mama, si umwambie tu, apende asipende, neno lenyewe ni la pumzi moja? Akanijibu huku anafunika kopo, "Wacha zimngoje. Mtu akiwa na kitu chake nyumbani, atarudi kukichukua." Kila msimu alikuwa akitoa korosho za zamani, anawapa watoto, anatia mpya. Hata wajukuu walijua kopo lile haliguswi.

Hakurudi. Simu ilipigwa siku ya Jumanne, na ndiyo maana niliogopa kabla ya kuipokea. Alikuwa kijana wa Lamu aliyelala naye chumba kimoja. Alisema mwenzetu alianguka ghalani, joto lilikuwa kali, walimkimbiza hospitali na hakufika. Alisema walimsalia, wamemzika, alikuwepo mwenyewe na aliteremka kaburini. Nilimshukuru. Mtu unashukuru, ulimi unajisemea tu. Halafu nikakaa na simu mkononi nikiangalia mlango wa chumba cha mama, kwa sababu alikuwa anaswali na nilitaka amalize. Nilitamani ile sala isiishe kamwe.

Matanga bila maiti ni matanga magumu. Hakuna wa kuoshwa, hakuna wa kusindikizwa, watu wanakaa hawajui wafanye nini na mikono yao. Jiko letu halikuwashwa, vyakula vililetwa na majirani. Mpangaji wetu alijifunga leso, Mkristo wa watu, akachota maji, akaosha vyombo vya watu asiowajua, na kila akipita mbele ya mama alikuwa akipiga goti. Hakusema neno, na namshukuru hadi leo.

Wa kusema alikuwepo. Shangazi yetu, yule wa kuku, alikaa katikati ya wanawake akajifuta macho akasema, "Na maskini aliondoka bila radhi. Safari bila radhi, jamani." Alisema taratibu, kama mtu anayetia chumvi kwenye mchuzi wa mwenzake. Nilimwambia palepale, mbele ya watu, "Shangazi, ukitaka kulia, lia. Ukitaka kuzungumza, nenda kazungumze kwako." Nililaumiwa sana kwa hilo, kwamba nimekosa adabu kwenye msiba. Walaumu tu. Lakini neno lilikuwa limeshaingia ndani ya mama, na hata bila shangazi lingeingia.

Tangu hapo mama hakupika korosho. Zilianguka, zikaokotwa na wengine. Kopo lilikaa juu ya kabati na korosho zake za mwisho, na hakuna aliyelifungua. Na akaanza kuniuliza. Tunaanika nguo, ananiuliza. Tunachambua mchele, ananiuliza, bila kuniangalia.

"Wewe ulikuwa umesimama pale. Ulimwona uso. Alikuwa anacheza, au alikuwa anaomba?"

Na mimi nikajibu, "Alikuwa anacheza, mama. Humjui mwanao?"

"Mimi nilidhani anacheza."

"Alikuwa anacheza."

Zinapita siku mbili tatu, anauliza tena. Maalim wa msikitini alikuja akamweleza vizuri, kwamba radhi ya mama iko moyoni, si ulimini, na Mungu anaujua moyo. Alimwitikia, "Naam, maalim," akamkaribisha chai. Jioni akaniuliza tena.

Ningemwambia nini? Kwamba alivua viatu? Viatu vile bado naviona mbele ya macho yangu, kimoja juu ya kingine. Nilijiapia kwamba hilo nitakwenda nalo.

Mwaka huu presha imemwangusha mama. Mkono wa kulia haushiki, na mguu anauburuta, ingawa ulimi Mungu amemwachia. Msimu ulipoanza, asubuhi moja akaniambia, "Nipikie korosho." Nilifikiri sijasikia vizuri. "Za sukari?" "Kwani za nini? Za pilau?"

Nilichoma, nikapasua, vidole vikababuka. Mpangaji wetu akanisaidia kumtoa, tukamkalisha kwenye kiti kando ya mlango wa jiko, akaenda zake kazini. Nikatia sukari, maji, iliki. Mama akawa ananielekeza kutoka nyuma, punguza makaa, usikwangue kando, mkono wako mzito tangu udogoni. Halafu sukari ikafa, ikawa mchanga, na mama akanyamaza. Nikajua ananyamazia sukari. Nikakoroga.

"Viatu vyake vilikuwa vikilia," mama akasema.

Sikuamini masikio yangu. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia mama akizungumza wakati ule.

"Nilivisikia vikija kutoka uani. Vikafika mlangoni, vikanyamaza. Na aliposema, sauti ilitoka chini. Mtoto anayecheza hasemi kutoka chini." Akapumua. "Nilijua. Nilijua wakati ule ule. Nikajiambia, acha sukari igeuke kwanza, ni kidogo tu. Nikajiambia, mwanangu hawezi kuwa na haraka na mimi."

Mkono wangu ulikuwa bado unakoroga. Nilikuwa nimempa mgongo, kama yeye alivyokuwa amempa mdogo wangu mgongo, na nikaelewa kwa nini alingoja niwe kwenye sukari ndipo aseme. Alitaka kusema mahali ambapo hakuna wa kumjibu.

Nikauacha mwiko. Niligeuka, nikavua kandambili zangu, nikachuchumaa mbele ya kile kiti, juu ya maganda. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta.

"Alivua, mama," nikamwambia. "Aliviweka pale ulipoweka mguu."

Aliitikia kwa kichwa. "Na uso wake?"

Namshukuru Mungu kwamba hapo sikuhitaji kutunga kitu. "Alikuwa anacheka. Amechuchumaa, amevua viatu, anakuangalia mabega yanavyotikisika, na anacheka. Aliondoka anacheka. Alisema atakuja kuzidai."

Mama aliangalia pale mlangoni, chini. Kisha akainua ule mkono wa kushoto, uliokuwa ukituambia ngoja miaka yote ile, akaunyoosha juu ya mahali pale, mpaka usawa wa kichwa cha mtu aliyechuchumaa, akakifungua kiganja. Akaomba dua, nyingine sikuzisikia. Akapuliza.

"Radhi, mwanangu," akasema. "Nenda."

Nyuma yangu sukari ilikuwa inaungua, moshi umejaa jiko zima, na hakuna aliyeinuka kuiepua.